ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii nipate kuwaeleza ndugu wanachama maoni yangu juu ya jambo moja kubwa, ambalo watu wengi hulitazama kwa upande mmoja tu. Nalo ni hili: serikali kubwa inapoondoa fedha yake katika mashirika ya mataifa yanayoangalia afya, hupoteza nini? Wengi husema kwamba mwenye kupoteza ni maskini peke yake, yule aliyekuwa akingojea dawa na chanjo. Mwenye fedha hapotezi kitu, maana fedha imebaki mfukoni mwake, na mwenye mali ndiye mwenye neno siku zote.

Mimi sikubaliani nao. Kweli maskini hupoteza, tena hupoteza kwanza. Lakini mwenye mali naye hupoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha upesi, yaani neno lake katika baraza la mataifa. Nitajaribu kulithibitisha hilo kwa mambo yaliyotokea, wala si kwa kukisia.

Kwanza yafaa tujue Shirika lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilianza rasmi tarehe 7 Aprili 1948, na makao yake ni Geneva. Fedha yake hutoka katika mifereji miwili. Mmoja ni ada ya lazima, ambayo kila nchi hukadiriwa kwa kadiri ya uwezo wake. Wa pili ni michango ya hiari, ambayo mtoaji huitoa kwa kazi aitakayo mwenyewe. Marekani ilikadiriwa 22 katika kila 100 ya ada za lazima, na juu yake ikatoa michango mingi ya hiari, hata jumla yake katika miaka 2 ya 2022 na 2023 ikapita dola bilioni 1. Katika miaka hiyo hapakuwa na serikali nyingine iliyotoa zaidi.

Lakini kura hazipimwi kwa fedha. Katika Mkutano Mkuu wa Afya, unaokutana kila mwaka, kila nchi ina kura 1, iwe kubwa au ndogo. Basi mwenye kutoa sana huipata wapi nguvu yake? Huipata pale pale tupatapo sisi makarani nguvu yetu ndogo, yaani katika rasimu. Yule aliyeketi katika halmashauri kabla ya siku ya mkutano, aliyeandika maneno ya kwanza ya azimio, aliyepeleka mabingwa wake kufanya kazi pamoja na wale wa Katibu, huyo ndiye mwenye kalamu. Wengine hufika siku ya mkutano wakakuta maneno yamekwisha pangwa, nao hubakiwa na kazi ya kusahihisha nukta na mkato. Fedha hufungua mlango wa chumba kile. Lakini anayetenda kazi ni yule aketiye ndani. Akiondoa fedha na kuondoka mwenyewe, mlango haufungwi nyuma yake. Wengine huingia.

Sheria kuu ya Shirika haina kifungu kinachoeleza namna ya kutoka. Marekani ilipojiunga mwaka 1948, bunge lake liliweka sharti kwamba nchi yaweza kutoka kwa kutoa notisi ya mwaka 1, na kwamba itatimiza malipo yake ya mwaka ule wa fedha. Mkutano Mkuu wa kwanza uliipokea kwa sharti hilo. Sharti lilikaa katika faili muda wa miaka zaidi ya 70 pasipo kuguswa. Mwezi wa Julai 2020, katika msiba wa Korona, Rais Donald Trump alitoa notisi. Na tarehe 20 Januari 2021 Rais Joe Biden akaifuta siku ile ile aliyoingia kazini. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alirudi, na siku ile ile akaandika amri ya kutoka tena. Mwaka wa notisi ukatimia tarehe 22 Januari 2026. Ada za miaka 2024 na 2025 zilikuwa hazijalipwa.

Ndugu wanachama, tarehe 20 Januari 2025 inatuhusu sisi pia. Siku ile ile, hapa kwetu Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana katika Mkoa wa Kagera, na kando yake alisimama Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkuu wa Shirika la Afya. Baada ya siku chache mabingwa wa magonjwa wa serikali ya Marekani, ambao sifa yao yajulikana duniani kote, waliamriwa wasiwasiliane tena na Shirika. Ugonjwa ulikoma, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 13 Machi 2025. Nalitaja jambo hili ili muone namna neno linavyopotea. Katika saa ya hofu, aliyesimama kando ya Rais wetu ndiye aliyesikilizwa. Na aliyejiondoa, hata angalikuwa na elimu kubwa kupita wote, hakuwa mahali pa kusema.

Sasa turudi nyuma, maana jambo hili si geni. Mwaka 1949 Muungano wa Kisovieti ulitoa taarifa ya kujitoa katika Shirika hili hili, na rafiki zake wa Ulaya ya Mashariki wakafuata. Malalamiko yao yalifanana na ya leo: kwamba gharama ni kubwa mno, kwamba ofisi imevimba, na kwamba kazi haiwafai. Shirika halikufa. Kwa kuwa sheria haikuwa na kifungu cha kutoka, majina yao hayakufutwa. Yaliandikwa kuwa ni ya wanachama wasioshiriki.

Katika miaka ile ya viti vitupu mambo makubwa yaliamuliwa. Mwaka 1955 Mkutano Mkuu, ulipokutana Mexico, uliazimia kuifuta malaria duniani. Kazi hiyo ilisukumwa mbele kwa fedha na mabingwa wa Marekani, na madawa na magari yake yakapeleka jina la Marekani hata katika vijiji vya mbali vya Asia na Amerika ya Kusini. Muungano wa Kisovieti haukuweza kusema ndiyo wala siyo. Walikuwa na madaktari hodari, walikuwa na viwanda vya chanjo, lakini hawakuwapo.

Baadaye walitambua hasara, wakarudi katika miaka ya 1956 na 1957. Tazameni walivyofanya waliporudi. Mwaka 1958 Mkutano Mkuu ulikutana Minneapolis, katika nchi ya Marekani yenyewe. Daktari wao, Viktor Zhdanov, alisimama akatoa shauri la kuifuta ndui duniani, na serikali yake ikaahidi chanjo nyingi. Mwaka 1959 shauri likawa azimio. Mwaka 1967 kazi ikaongezwa nguvu, na aliyewekwa kuwa msimamizi ni Mmarekani, D. A. Henderson. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Na mwaka 1980 Mkutano Mkuu ukatangaza kwamba ndui imekwisha. Hayo yalitendeka wakati mataifa yale mawili yalikuwa yameelekezeana mabomu. Muungano wa Kisovieti haukupata sifa ile kwa kukaa nje na kulalamika. Uliipata kwa kurudi, kulipa, kuketi, na kuweka shauri mezani.

Wala si katika afya tu. Marekani ilitoka UNESCO mwaka 1984 ikarudi mwaka 2003. Mwaka 2011 ikaacha kulipa, na mwaka 2013 ikapoteza kura yake kwa ajili ya deni. Mwisho wa mwaka 2018 ikatoka tena, na mwaka 2023 ikarudi. Waliporudi mara hiyo, wakubwa wao walisema waziwazi sababu: kwamba walipokuwa nje China ilikuwa ikiandika kanuni za mambo mapya, kama zile za akili mnemba. Juu ya hayo walikuta deni la dola zaidi ya milioni 600 likiwangoja. Mwezi wa Julai 2025 wakatangaza tena kwamba watatoka. Anayetoka na kuingia hivi, hata akirudi na mfuko uliojaa, wenzake humkaribisha kwa adabu lakini hawamwachii funguo.

Tutazame basi yaliyotokea katika Shirika la Afya tangu notisi ile ya 2025. Mwezi wa Mei mwaka ule Mkutano Mkuu ulikutana Geneva. Makadirio ya fedha ya miaka 2026 na 2027 yalipunguzwa kutoka dola bilioni 5.3 zilizoombwa kwanza hata bilioni 4.2; watu wakapunguzwa kazini, na kazi nyingine zikaachwa. Hiyo ni hasara ya kweli, na sisi wa Afrika tuliibeba. Lakini katika mkutano ule ule wanachama walikubali kuongeza ada zao za lazima kwa 20 katika kila 100. China ikaahidi kutoa dola milioni 500 katika muda wa miaka 5. Na tarehe 20 Mei 2025 Mapatano ya Dunia juu ya magonjwa ya kuenea yakapitishwa. Katika halmashauri yalikuwa yamepata kura 124 za kukubali, bila hata 1 ya kukataa, na nchi 11 zilijizuia. Kalamu ya Marekani haikugusa hatua za mwisho za maneno yale. Kadhalika Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizosahihishwa mwaka 2024, zilianza kutumika tarehe 19 Septemba 2025. Marekani ilizikataa mwezi wa Julai. Hata hivyo wasafiri wake, meli zake na ndege zake vitafika katika bandari na viwanja vinavyofuata kanuni hizo.

Hapo ndipo palipo moyo wa maneno yangu. Amri ya Rais Trump ililalamika kwamba Shirika huegemea matakwa ya wanachama wengine, na kwamba China, yenye watu wengi kuliko Marekani, hutoa kidogo. Katika lalamiko la fedha mna haki ndani yake. Lakini dawa iliyochaguliwa ndiyo inayolisha ugonjwa. Ukiona jirani yako anapata nguvu katika baraza, humpunguzii nguvu kwa kumwachia kiti chako. Wala China haikuhitaji kutoa sawasawa na fedha iliyoondoka. Dola milioni 500 kwa miaka 5 ni kidogo sana kuliko Marekani ilivyokuwa ikitoa. Ilitosha kusimama na kuahidi siku ambayo mwingine alikuwa akiondoka. Katika mambo ya heshima, kidogo cha aliyepo hushinda kingi cha asiyekuwapo.

Najua yatakayojibiwa, nami sitaki kuyaficha.

La kwanza, watasema kwamba Shirika lina makosa. Naam, linayo. Mwaka 2014 lilichelewa kutangaza hatari ya Ebola katika Afrika ya Magharibi, na wachunguzi wakalilaumu. Katika Korona pia lililaumiwa. Lakini mwenye kura na ada ndiye mwenye haki ya kudai hesabu na kusahihisha. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maradhi yangalipo, tena mengine hayajapata jina.

La pili, watasema kwamba kutishia kutoka ni silaha nzuri, maana wenzako huogopa wakakubali utakayo. Ni kweli kwa siku chache. Mtu anayetoa notisi ya kuacha kazi husikilizwa mpaka siku ya mwisho ya notisi; siku ya pili yake jina lake limefutwa katika daftari la mishahara, na meza yake amepewa mwingine. Tishio hukaa na nguvu maadamu halijatimizwa.

La tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, watasema kwamba Marekani haijaacha kusaidia. Imeacha baraza tu, nayo sasa hupatana na kila nchi peke yake. Hiyo ni kweli pia. Mwezi wa Novemba 2025 iliahidi dola bilioni 4.6 katika Mfuko wa Dunia wa kupigana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ingawa ahadi yake ya mwaka 2022 ilikuwa bilioni 6. Kwa ushirika wa chanjo uitwao Gavi, Waziri wake wa Afya alisema mwezi wa Juni 2025 kwamba fedha haitatolewa tena. Na tarehe 4 Desemba 2025 ilitia sahihi mapatano ya afya na Kenya, ya dola kama bilioni 1.6 kwa miaka 5, nayo Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 zake yenyewe. Rwanda na Uganda zikafuata mwezi ule ule.

Wengine wataona kwamba hii ndiyo nguvu hasa: nchi kubwa mbele ya nchi ndogo, wawili peke yao chumbani. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi ule ule Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia kwa muda sehemu za mapatano zinazohusu kupeleka nje habari za wagonjwa, kwa sababu raia walienda kushtaki. Jambo ambalo katika baraza la mataifa lingalijadiliwa na wote, likapata masharti ya wote, limegeuka kuwa shaka baina ya wawili. Yule aliyekubali mbele ya wenzake hulitetea neno lake. Yule aliyekubali kwa kuhitaji hutia sahihi, kisha hungoja siku ya kulegeza. Kumtiisha mtu si kitu kimoja na kumpata awe pamoja nawe. Kazi ya mabalozi ni hiyo ya pili.

Tena maradhi hayapatani na nchi moja moja. Tangu mwaka 1952 Shirika limeunganisha maabara za nchi nyingi ziangaliazo mafua, na mara 2 kila mwaka mabingwa huchagua aina za vijidudu zitakazotiwa katika chanjo. Mwaka 2007 Indonesia ilizuia vielelezo vya mafua ya ndege, ikisema kwamba yatoa vijidudu lakini chanjo inayotokana navyo haiwezi kuinunua. Ugomvi ule ulikwisha mwaka 2011, si kwa fedha ya mmoja, bali kwa mapatano ya wote katika Mkutano Mkuu. Serikali itakayotaka kielelezo kesho kutoka nchi isiyo rafiki yake itapita mlango gani, kama imeufunga mlango wa wote?

Sisemi kwamba nguvu ya Marekani imekwisha. La, hasha. Vyuo vyake, maabara zake na watengeneza dawa wake wangalipo, na huenda siku moja itarudi kama wengine walivyorudi. Nasema tu kwamba itakaporudi itakuta kanuni zimekwisha andikwa, na kuzibadili ni kazi kubwa kuliko ingalivyokuwa kuziandika.

Na sisi, ndugu zangu? Mwaka 1948 Tanganyika haikuwa na kiti. Waliotutawala ndio waliotusemea. Tulipata kiti baada ya uhuru, mwaka 1962. Ada yetu ni sehemu ndogo sana ya 1 katika 100. Hata hivyo mwezi wa Agosti 2024 nchi za Afrika zilimchagua Mtanzania, Dkt. Faustine Ndugulile, kuwa Mkurugenzi wa Shirika kwa Afrika. Na alipofariki mwezi wa Novemba mwaka ule kabla ya kushika kazi, mwezi wa Mei 2025 zikamchagua Mtanzania mwingine, Profesa Mohamed Janabi. Hapo twaona kwamba neno halinunuliwi kwa fedha nyingi peke yake. Hupatikana kwa kuwapo, kwa kulipa kidogo ulichopimiwa kwa wakati wake, na kwa kupeleka watu wanaojua kazi.

Lakini tusijisifu mapema. Mwaka 2001, katika mji wa Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kutenga 15 katika kila 100 ya fedha ya serikali kwa ajili ya afya, na nchi nyingi hazikuifikia ahadi hiyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Dawa zilipokatizwa mwaka 2025 tulilia, na kilio kile kilikuwa cha haki. Lakini tulilia kama watu waliokuwa hawajahesabu siku ya ndugu kubadili moyo. Sisi tulio katika ofisi za hazina na za afya, tunaoandaa makadirio kila mwaka, twaweza kuona tarakimu hizo kabla ya wakubwa kuziona. Yatupasa kuziweka juu ya faili, si chini yake.

Mwisho, kila chama kina watu wake wasemao, “Sitalipa ada mpaka mambo yarekebishwe.” Chetu hakikosi. Nawaomba watazame mfano huu wa mataifa. Asiyelipa hana kura, asiye na kura hana hoja, na mkutano hautamngoja. Kama Katibu amekosa, njoo mkutanoni umwambie mbele yetu, nasi tutaandika neno lako katika kumbukumbu. Lakini lile ulilolisema nje ya mlango hatuna mahali pa kuliandika.

Wenu katika kazi,

KARANI MWENZENU